Breki Hukaguliwa Kileleni

Asubuhi ya Jumatatu, tarehe 24 Juni 2002, treni ya abiria iliyokuwa imetoka Dar es Salaam ilikuwa ikipanda kilima cha Igandu, mkoani Dodoma. Ndani yake walikuwamo watu zaidi ya 1,200. Kwa taarifa zilizotolewa wakati ule, treni ilipata hitilafu ya breki huko mlimani. Mbele yake palibaki kupanda; nyuma yake ulikuwapo mteremko wa kushukia Msagali, ilikokuwa imetoka. Treni ikaanza kurudi nyuma. Mabehewa yakashika kasi, na kila yalivyozidi kushuka ndivyo yalivyozidi kukimbia. Huko chini, juu ya reli hiyohiyo moja, ilikuwapo treni ya mizigo iliyokuwa ikija nyuma yake. Zikagongana. Watu 281 wakafa, na baadhi yao hawakutambuliwa hata na ndugu zao. Hao wakazikwa pamoja mjini Dodoma. Ni moja ya ajali mbaya kuliko zote zilizowahi kutokea katika reli za Afrika.

Najua msomaji wa Bukoba au Muleba anaweza kujiuliza: kwetu hakuna reli, habari hii inanihusu nini? Inatuhusu kwa njia mbili. Kwanza, kwa miaka mingi Reli ya Kati ilikuwa njia yetu pia. Mtu wa Kagera aliyerudi nyumbani kutoka Dar es Salaam alipanda treni, akapita Dodoma na Tabora hadi Mwanza, kisha akavuka ziwa kwa meli. Kilima cha Igandu kilikuwa katika safari yetu kama kilivyokuwa katika safari ya Mgogo na Mnyamwezi. Pili, na hili ndilo kubwa zaidi, sisi ni watu wa vilima. Mji wetu umekaa chini kando ya ziwa, na mashamba na vijiji vyetu vingi viko juu. Kila siku mzigo unashuka: kutoka Rwamishenye kuingia mjini, kutoka uwanda wa Kamachumu kuteremkia Muhutwe, kutoka vijiji vya Kashozi kuja sokoni. Unashuka kwa baiskeli, kwa pikipiki, kwa mkokoteni na kwa lori. Kanuni iliyoiangusha ile treni ndiyo inayotawala pia magurudumu yetu. Tofauti ni ukubwa wa mzigo tu.

Kwa hiyo naomba tukae pamoja tuitazame kanuni hiyo bila haraka. Simnyooshei kidole mtu yeyote. Naandika kama mmoja wenu, maana nami nateremka vilima hivihivi, na ninalowaonya ninyi linanihusu mimi pia.

Kitu chochote kilichopandishwa juu kimewekewa akiba. Aliyekipandisha, awe injini ya treni, awe kijana anayesukuma baiskeli huku jasho linamtoka, ametumia nguvu, na nguvu hiyo haikupotea. Imebaki ndani ya kile kitu kwa sababu ya kimo chake. Tuiite nishati ya kimo. Hesabu yake ni nyepesi: tani moja ikipandishwa mita moja juu imewekewa takriban jouli 10,000. Kitu hicho kikianza kushuka, akiba ile inageuka kidogo kidogo kuwa nishati ya mwendo. Kinapofika chini kina mwendo ambao thamani yake ni kile kimo chote kilichopotea, ukitoa tu kile kilicholiwa na msuguano, upepo na breki.

Tuseme, kwa ajili ya hesabu tu, kwamba treni yenye uzito wa tani 500 imeshuka kimo cha mita 40 bila breki. Nishati yake ni jouli milioni 200. Lori la tani 10 linalokwenda kilomita 72 kwa saa lina jouli milioni 2. Maana yake treni hiyo imebeba nguvu ya malori 100 ya namna hiyo, yakigonga mahali pamoja kwa wakati mmoja. Hakuna chuma cha behewa kinachoweza kusimama mbele ya nguvu hiyo, na hakuna mwili wa binadamu.

Lakini tazama jinsi nguvu hiyo inavyozaliwa, maana hapo ndipo funzo lilipo. Tuchukue mteremko wa mita 2 kwa kila mita 100. Kwa macho ni mteremko mdogo. Mtu anayetembea haoni kama ni mlima. Treni ikiachwa hapo bila cha kuizuia, baada ya sekunde 10 itakuwa imesogea mita 10 hivi, na kasi yake ni kilomita 7 kwa saa, mwendo wa mtu anayetembea haraka. Baada ya dakika 1 itakuwa inakaribia kilomita 43 kwa saa. Baada ya dakika 2 itakuwa inakaribia kilomita 86. Kasi imeongezeka kwa utaratibu, lakini nishati haiongezeki hivyo. Nishati hukua kwa kipeo cha pili cha kasi: kasi ikiwa mara mbili, nishati ni mara nne, kasi ikiwa mara sita, nishati ni mara 36. Kati ya sekunde ya 10 na dakika ya kwanza, kazi ya kuisimamisha treni hiyo imekuwa kubwa mara 36.

Ndiyo maana nasema kwamba nafasi ya kuzuia maafa ya mteremkoni iko mwanzoni kabisa, kabla gurudumu halijazunguka mara ya kwanza au katika zile mita chache za awali. Hapo jiwe moja lililowekwa vizuri, kabari moja, breki moja ya mkono iliyofungwa, inatosha. Baada ya dakika moja, jiwe lilelile linarushwa pembeni. Kwa bahati mbaya, wakati huo ambao kinga ni rahisi ndio wakati ambao hatuna hofu. Kitu kimesimama, kimetulia, nasi tunaamini kwamba kilichosimama kimekwisha nguvu. Sivyo. Kilichosimama mlimani bado kina akiba yake yote.

Dalili ya kwanza ya hatari, basi, ni chombo chenyewe kusimama mlimani pasipokusudiwa. Treni, lori au baiskeli inapokwama katikati ya kupanda, jambo limekwisha kubadilika hata kama hakuna aliyeumia. Swali la kwanza linalotujia huwa ni hili: tutafikaje juu? Swali linalotakiwa kwanza ni jingine: ni nini kinachokizuia kisirudi chini, na huko chini yupo nani?

Funzo hili lilikuwa limekwisha kuandikwa kwa damu miaka 113 kabla ya Igandu. Tarehe 12 Juni 1889, huko Ireland, karibu na mji wa Armagh, treni iliyobeba mamia ya watoto wa shule ya Jumapili na wazazi wao ilikuwa ikienda pwani kwa matembezi. Ilikuwa na mabehewa 15. Abiria walikuwa wengi kuliko ilivyotarajiwa, na dereva alilalamika kwamba mzigo umezidi uwezo wa injini yake. Hakusikilizwa. Hiyo ilikuwa dalili, nayo ilitolewa kwa maneno na mtu aliyeijua kazi yake, tena kabla safari haijaanza.

Treni ilipanda kilima, ikachoka, ikasimama karibu mita 200 kabla ya kileleni. Hapo wahudumu wakaamua kuigawa: wavute mabehewa ya mbele kwanza hadi juu, kisha warudi kuyachukua mengine. Mabehewa 10 ya nyuma yaliachwa yakishikiliwa na breki ya mkono ya behewa la mwisho, na mawe yakawekwa chini ya baadhi ya magurudumu. Breki kuu ya treni ile ilikuwa ya aina ambayo ikikatwa mahali popote inaacha kufanya kazi. Injini ilipojaribu kuanza, sehemu ya mbele ilirudi nyuma kidogo sana, hata nusu mita haikufika, ikayagusa mabehewa yaliyoachwa. Mguso huo ulitosha kuyavusha juu ya mawe. Yakaanza kushuka. Nyuma yao, juu ya reli hiyohiyo, ilikuwa inakuja treni nyingine. Watu 80 walikufa, wakiwamo watoto wengi.

Hesabu dalili zilizopuuzwa pale. Mzigo uliozidi. Dereva aliyesema. Breki isiyojifunga yenyewe inapokatika. Mawe yaliyoaminiwa kushika uzito wa mabehewa 10 yenye watu. Treni nyingine nyuma, kwenye mteremko uleule. Kila moja peke yake ingeweza kuvumilika. Zote ziliposhikana mikono, hapakuwa na njia ya kutokea. Mwaka huohuo Uingereza ilitunga sheria ya kulazimisha treni za abiria ziwe na breki zinazofunga mabehewa yote na kujifunga zenyewe treni inapokatika. Sheria hiyo imeokoa watu wengi. Hata hivyo, breki hiyo nayo ina sharti lake, na ajali nyingine inatuonyesha sharti hilo.

Usiku wa tarehe 5 Julai 2013, nchini Kanada, treni ya mabehewa 72 ya mafuta ghafi iliegeshwa juu ya mteremko katika kijiji cha Nantes, ikaachwa bila mtu hadi asubuhi. Mteremko wenyewe ulikuwa wa takriban mita 1.2 kwa kila mita 100, jicho lisingeuhofia. Injini ya mbele ilikuwa ikitoa moshi na kutema mafuta. Ilikuwa imetengenezwa miezi kadhaa nyuma kwa namna isiyofaa, na tatizo lilijulikana, lakini ikaachwa ikiunguruma kwa sababu ndiyo iliyokuwa ikizalisha upepo wa breki. Dereva alifunga breki za mkono 7. Wachunguzi walikuja kusema kwamba treni ile ilihitaji walau 17, na pengine hata 26.

Kosa lililoniumiza zaidi niliposoma habari zake ni la jaribio la breki. Kabla ya kuondoka, breki za mkono zilijaribiwa, na treni haikusogea. Lakini wakati wa jaribio hilo breki za upepo za vichwa vya treni zilikuwa bado zimefungwa. Kwa hiyo jaribio lilionyesha kwamba breki zote mbili kwa pamoja zinaishika treni. Halikuonyesha kwamba breki za mkono peke yake zinaweza. Baadaye usiku injini ile yenye moshi ikashika moto. Wazima moto wakaja, wakauzima, wakazima na injini. Upepo ukaanza kuvuja taratibu. Kabla ya saa 7 usiku treni ikaanza kuondoka yenyewe gizani. Ilishuka zaidi ya kilomita 11, ikafikia kasi ya takriban kilomita 105 kwa saa, ikaacha reli katikati ya mji wa Lac-Mégantic na kuwaka moto. Watu 47 walikufa.

Moshi ulikuwa dalili. Mafuta yaliyokuwa yakitemwa yalikuwa dalili. Moto wenyewe ulikuwa dalili kubwa kuliko zote, lakini ulipozimwa watu walihesabu kwamba hatari imekwisha. Hakuna aliyerudi kuuliza swali dogo: sasa injini imezimwa, ni nini kinachoishikilia treni? Hapa ndipo wengi wetu tunapojikwaa, mimi nikiwamo. Tunashughulikia kilichoonekana, tunashusha pumzi, tunakwenda kulala. Lililojificha linabaki linafanya kazi yake.

Barabarani mambo hayana tofauti. Tarehe 24 Februari 2024, Ngaramtoni, katika barabara ya Arusha kwenda Namanga, lori liliyagonga magari mengine na watu 25 wakafariki. Tarehe 5 Juni mwaka huohuo, Simike jijini Mbeya, lori lililokuwa likiteremka liligonga magari mengine na watu 13 wakapoteza maisha. Katika ajali zote mbili taarifa zilisema breki zilifeli. Tumezoea kuyasikia maneno hayo kama tunavyosikia habari ya radi: imepiga, hakuna aliyejua. Mara nyingi breki haziendi hivyo. Huanza kuaga mapema.

Fikiria kazi ambayo breki hufanya. Lori la tani 20 likishuka kimo cha mita 100, breki na injini zina kazi ya kumeza jouli milioni 20. Nishati haipotei, lazima igeuke kitu, na hapa inageuka joto. Joto hilo linatosha kuchemsha lita 60 za maji ya baridi, yaani ndoo tatu kubwa. Dereva akiteremka kwa gia nzito, injini inabeba sehemu nzuri ya kazi hiyo. Akitoa gia na kuweka nyutro ili aokoe mafuta, joto lote linaingia kwenye magurudumu. Ngoma za breki zinapata moto, zinatanuka, bitana zinapoteza mshiko wake, na kanyagio linaloheshimiwa kileleni halisikilizwi tena bondeni. Huko Kenya, barabara ya Nakuru kwenda Eldoret imepata jina baya katika miteremko ya Salgaa na Sachangwan, na moja ya sababu zinazotajwa sana ni malori yanayoshushwa bila gia. Mafuta yanayookolewa hapo ni ya fedha kidogo. Kinachowekwa rehani ni maisha ya watu wote walioko mbele.

Kabla ya kufikia hapo gari huwa limesema. Kuna harufu ya kuungua. Kuna moshi mwembamba kwenye magurudumu. Kuna kanyagio linalozama zaidi kuliko jana. Kuna mshale wa upepo unaoshuka na kuchelewa kupanda. Kuna gari linalovuta upande mmoja linapofunga breki. Kuna utingo anayesema, "Mzee, leo breki zinasikika vibaya," naye anaambiwa anyamaze kwa kuwa mzigo unangojwa. Dalili ya mvua ni mawingu, walisema wahenga, na sisi wa Bukoba tunaozijua mvua kuliko mikoa mingi ya nchi hii hatuhitaji kufundishwa maana yake.

Sasa turudi kwenye vilima vyetu. Kijana anashuka na baiskeli yenye mikungu ya ndizi. Yeye na baiskeli, tuseme, ni kilo 80. Mikungu ni kilo 80 nyingine. Kila siku anashuka njia hiyo akiwa bila mzigo na akiwa na mzigo, na kwa kuwa anaijua kila kona anaamini kwamba njia ni ileile. Njia ni ileile, lakini kazi si ileile. Kimo cha mita 20, bila breki na bila upepo wa kumzuia, humfikisha mtu kwenye kasi ya kilomita 72 kwa saa, awe na mzigo au asiwe nao. Mzigo hauonekani kwenye kasi. Unaonekana siku ya kusimama. Nishati ya baiskeli iliyobeba ni mara mbili ya ile iliyo tupu, na raba za breki ni zilezile, pengine zimekwisha kuliwa nusu. Na kwa kuwa upepo hauwezi kuuzuia uzito mkubwa kirahisi, baiskeli yenye mzigo kwa kweli hukimbia zaidi kidogo kuliko tupu.

Ongeza mvua juu ya hayo. Ukingo wa gurudumu ukiloa, raba inateleza juu ya maji kabla haijashika chuma. Udongo wetu mwekundu ukiloa unakuwa utelezi mtupu. Umbali wa kusimama uliotosha mchana wa jua hautoshi baada ya mvua, na kasi ikiwa mara mbili umbali huo ni mara nne hata kwenye lami kavu. Anayeshuka kwa kilomita 40 kwa saa mahali ambapo jana alishuka kwa 20 ameongeza nguvu ya kugonga mara nne, hata kama moyoni anaona ameongeza kidogo.

Dalili kwenye baiskeli na pikipiki ni rahisi kuziona, na labda kwa sababu hiyo ni rahisi kuzidharau. Raba iliyobaki nyembamba. Waya wa breki uliochanika nyuzi mbili tatu. Breki ya mbele iliyofungwa kwa mpira kwa sababu fundi amesema njoo kesho. Mguu unaotumika kama breki, soli ya kandambili ikisugua tairi. Pikipiki iliyobeba abiria wawili na gunia, ikizimwa injini mlimani ili iteremke bure. Mkokoteni wenye mawe au matofali, na vijana wawili nyuma wanaoushikilia kwa mikono, huku wakijua kwamba ukiwashinda watauachia na kuruka kando. Nani atakuwa mbele siku watakapouachia? Mama anayevuka na mtoto mgongoni. Mwanafunzi anayetoka shule. Mzee aliyekaa kwenye kibaraza cha duka kwenye kona ya chini.

Waitu, tusikilizane hapa. Hasira yangu haiko juu ya kijana anayeshuka na ndizi. Ndizi hizo zinalisha mji, na baiskeli hiyo inasomesha watoto. Ninachokiogopa ni mazoea. Mtu akishuka salama mara nyingi na breki mbovu, hajifunzi kwamba amebahatika. Anajifunza kwamba breki mbovu zinatosha. Kila siku ya salama inamwongezea ushahidi wa uongo. Kagera tunaijua gharama ya mazoea ya namna hiyo. Tarehe 21 Mei 1996 tulipoteza watu wetu ilipozama MV Bukoba, meli iliyojazwa watu kupita uwezo wake huku wengi wakiona ni jambo la kawaida. Maji na mlima ni vitu viwili tofauti, lakini mlango wa maafa ulikuwa uleule: tuliona, tukazoea.

Basi tufanye nini? Nitayasema machache ambayo kila mmoja anaweza kuyafanya, bila kungoja serikali wala fedha nyingi.

Breki zikaguliwe juu, kabla ya kushuka, na zijaribiwe peke yake. Ukijaribu breki ya mkono ya gari, achia ile ya mguu. Ukijaribu breki ya nyuma ya pikipiki, usishike ya mbele. Tujifunze kwa waliojaribu breki mbili kwa pamoja kule Nantes na kuamini kwamba moja ingetosha.

Chombo kikisimama mlimani, kabari kwanza, mazungumzo baadaye. Kabla ya kufungua boneti, kabla ya kupiga simu, kabla ya kuuliza nani ana spana, gurudumu liwekewe kabari upande wa bondeni. Utingo ashuke na kabari mkononi, na kabari hiyo iwe ya kweli, isiwe jiwe la mviringo lililookotwa gizani. Kisha watu walioko upande wa chini waondolewe. Abiria nao washuke, wasimame pembeni, kamwe wasisimame nyuma ya gari wakisukuma wakati hakuna kilichowekwa kuzuia.

Lori lishuke kwa gia ambayo lingepandia mlima huohuo. Uchaguzi huo ufanyike kileleni, kwa sababu gari likishapata moto na kasi, gia nzito hukataa kuingia, na hapo ndipo dereva hujikuta hana gia wala breki.

Mwenye baiskeli apunguze kasi mapema, tangu juu kabisa, akibana breki kidogo kidogo na kuachia, bila kungoja kona. Mzigo ukizidi, na ashuke, aisukume baiskeli kwa mguu katika sehemu ya mteremko mkali. Hakuna aibu katika hilo. Dakika kumi zinazoongezeka njiani hazijawahi kumfukarisha mtu.

Na sisi tulio wazazi na walimu, tuwafundishe watoto hesabu hizi kwa vilima wanavyovijua. Mtoto akijua kwamba mita 5 za kimo zinatosha kumpa kasi ya kilomita 36 kwa saa, na kwamba mita 20 zinampa kilomita 72, ataelewa kwa nini tunamkataza kujiachia na toroli kwenye mteremko wa barabara. Akatazwe kwa sababu, naye atawaambia wenzake sababu.

La mwisho ni gumu kuliko yote: tumsikilize anayesema. Pale Armagh dereva alisema mzigo umezidi. Katika magari yetu mara nyingi yuko mtu anayesema: utingo, abiria wa kiti cha mbele, fundi wa kando ya barabara, mke anayemwambia mumewe abadilishe raba kabla ya kwenda sokoni. Mtu huyo anaonekana msumbufu, kwa sababu anazungumza wakati kila kitu kimetulia. Lakini wakati huo wa utulivu ndio pekee ambao neno lake linaweza kusaidia. Mwenye gari aliye na haraka ya kufika Kemondo au Muleba, na aliyemwajiri anayepiga simu kuuliza amefika wapi, wote wawili wawe tayari kupokea jibu hili: "Nimesimama juu, nakagua breki." Asiyetaka kulipokea jibu hilo asimkabidhi mtu mwingine usukani.

Waliokufa Igandu hawakuwa na usukani wala breki mikononi mwao. Walikuwa wamekata tiketi, wakawaamini wengine. Kila anayeshuka kilima akiwa na mzigo au abiria ameaminiwa hivyo hivyo, na watu walioko chini wamemwamini bila hata kumwona. Kabla hujaachia breki kesho asubuhi, angalia raba, angalia waya, angalia upepo, na kama kimoja kina shaka, usishuke.